Ubongo Hausubiri Gari

Mtu anayeanguka ghafla katika pilikapilika za soko la Kwa Mrombo, kusini mwa jiji la Arusha, kwa sababu moyo wake umesimama, hufa au hupona kwa kutegemea zaidi yanayofanywa na waliomzunguka katika dakika chache zinazofuata kuliko umahiri wa madaktari walio upande wa pili wa jiji. Moyo ni msuli mvumilivu, unaoweza kusimama kwa muda na bado ukarudia kazi yake, lakini ubongo unaoutegemea hauna akiba ya kuuvusha katika kipindi hicho, na ndiyo maana maelezo yoyote kuhusu kusimama kwa moyo huwa ni maelezo kuhusu viungo viwili vinavyokufa kwa kasi tofauti. Kasi ya ubongo ndiyo inayoamua mambo.

Kusimama ghafla kwa moyo ni hali ambayo moyo huacha kusukuma damu bila kutarajiwa, mapigo yakapotea shingoni na kwenye kifundo cha mkono, fahamu zikatoweka ndani ya takriban sekunde 10, na pumzi ya kawaida ikakatika. Hali hii hutofautiana na shambulio la moyo, ambalo hutokea pale mshipa mmojawapo unaolisha msuli wa moyo unapozibwa, mara nyingi na donge la damu lililoganda juu ya mafuta yaliyojijenga kwenye ukuta wa mshipa huo. Mwenye shambulio la moyo kwa kawaida huwa macho, huzungumza, hulalamikia kifua kinachobana au maumivu yanayoshuka mkononi na kupanda hadi tayani, hutokwa na jasho jingi, na pengine huweza kujikokota mwenyewe mpaka zahanati. Hali hizi mbili hukutana kwa sababu sehemu ya msuli iliyokosa damu huweza kuvuruga umeme wa moyo mzima wakati wowote, na hapo mgonjwa aliyekuwa akijieleza vizuri huanguka katikati ya sentensi.

Umeme huo ni jambo halisi la mwili. Katika chumba cha juu cha kulia cha moyo lipo fundo dogo la seli ambalo, kwa mtu mzima aliyetulia, hutoa mshtuo wa umeme mara 60 hadi 100 kwa dakika, na mshtuo huo husafiri kwa njia maalumu hadi vyumba viwili vya chini, yaani ventrikali, ambavyo hukaza kwa pamoja na kuisukuma damu kwenda mapafuni na mwilini. Watanzania wengi walianza kulizungumza jambo hili majumbani mwao mnamo Machi 2021, wakati Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Makamu wa Rais, alipolitangazia taifa kwamba Rais John Pombe Magufuli alifariki dunia tarehe 17 ya mwezi huo katika Hospitali ya Mzena, Dar es Salaam, kwa ugonjwa wa moyo uliohusu mfumo wa umeme, ambao aliishi nao kwa zaidi ya miaka 10. Hitilafu za umeme wa moyo ni nyingi, na baadhi yake mtu huweza kuishi nazo miaka mingi kwa msaada wa dawa. Ile inayoua papo hapo mara nyingi ni mtetemo wa ventrikali, ambapo mamilioni ya seli za msuli huendelea kukaza lakini kila kundi kwa wakati wake, mfano wa vijana wanaolisukuma gari lililokwama kwenye tope la masika bila mtu wa kuhesabu moja, mbili, tatu: nguvu zinatumika, jasho linatoka, na gari haliondoki. Moyo ulio katika hali hiyo haujalala, unatetemeka, na kwa dakika chache unaweza kurudishwa kwenye utaratibu kwa mshtuo wa umeme kutoka nje. Usiposhtuliwa humaliza nguvu zake, mtetemo ukafifia, na hatimaye ukatulia kabisa, na moyo uliotulia hivyo hauamshwi tena kwa umeme.

Sababu za kufika huko hutofautiana na umri. Kwa watu wa makamo na wazee, chanzo kikubwa ni kuziba kwa mishipa ya moyo, na hapo ndipo lawama huelekezwa haraka kwenye majiko ya nyama choma ambayo Kwa Mrombo inafahamika kwayo Arusha nzima. Lawama hiyo ina ukweli kiasi, lakini huficha mkosaji mkubwa zaidi, ambaye ni shinikizo la damu lisilopimwa: uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Tanzania Bara mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban robo ya watu wazima wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na tatizo hilo, na mtu anaweza kubeba shinikizo la juu kwa miaka mingi, moyo wake ukinenepa kuta na kukakamaa, bila kuumwa hata kichwa. Utafiti mwingine, uliofanywa katika idara ya dharura ya Hospitali ya KCMC mjini Moshi na kuchapishwa mwaka 2020, uliwapima wagonjwa waliofika wakiwa na maumivu ya kifua au pumzi fupi, ukabaini kwamba takriban mmoja kati ya kila watano alikuwa na shambulio la moyo, na kwamba wengi wao hawakutambuliwa hivyo na aliyewapokea. Matokeo hayo yanapaswa kuiondoa kabisa ile dhana kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu au wa matajiri.

Kwa vijana, picha ni nyingine. Wapo ambao vali za mioyo yao ziliharibiwa utotoni na homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaoanza na maambukizi ya koo yasiyotibiwa na ambao bado ni mzigo mkubwa Afrika Mashariki. Wapo kina mama ambao misuli ya mioyo yao hudhoofika mwishoni mwa ujauzito au miezi michache baada ya kujifungua. Na wapo waliozaliwa na kasoro ya urithi inayoufanya msuli wa moyo kuwa mnene kupita kiasi. Kasoro hiyo ya mwisho ndiyo uchunguzi wa maiti uliyoikuta kwa Marc-Vivien Foé, kiungo wa timu ya soka ya Cameroon aliyeanguka uwanjani Lyon, Ufaransa, tarehe 26 Juni 2003, akiwa na umri wa miaka 28, bila kuguswa na mchezaji yeyote. Mbali na magonjwa, moyo wenye afya kamili huweza kusimamishwa na waya wa umeme ulioshikwa na fundi, na ule wa mtoto aliyezama majini husimama kwa sababu oksijeni imekwisha.

Ubongo una takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na hauhifadhi oksijeni wala sukari kama msuli unavyoweza kufanya. Damu inapoacha kufika, seli za neva huendelea kwa sekunde chache na kilichobaki, kisha fahamu huzimika. Katika dakika zinazofuata, nishati inayoziwezesha seli hizo kusukuma sodiamu nje na kubakisha potasiamu ndani hukatika, kuta zake zikapoteza uwezo wa kuchuja, na maji yakaingia. Seli zinazokufa humwaga kemikali iitwayo glutameti, ambayo kwa kawaida hutumiwa kidogokidogo kupeleka ujumbe kutoka seli moja hadi nyingine, lakini sasa inafurika na kuzilazimisha seli jirani kupokea kalsiamu nyingi kuliko zinavyoweza kustahimili. Kwa hiyo uharibifu hauishii pale ulipoanzia. Seli moja huiponza nyingine. Kadiri dakika ya nne hadi ya sita inavyopita bila damu, madhara ya kudumu huanza kuwa jambo la kutarajiwa.

Sehemu za ubongo haziumii kwa usawa. Hipokampasi, eneo dogo lililo ndani ya pande za ubongo ambako kumbukumbu mpya hutengenezwa, ni miongoni mwa za kwanza kuathirika, pamoja na baadhi ya seli kubwa za ubongo wa nyuma zinazoratibu mwendo, na tabaka la nje la ubongo lenye kazi ya fikra na utambuzi. Shina la ubongo, linaloendesha pumzi, huvumilia zaidi. Mpangilio huu ndio unaoeleza jambo linalowatesa ndugu wengi wodini, yaani mgonjwa aliyerudiwa na mapigo, anayepumua mwenyewe na kufumbua macho, lakini asiyemtambua mke wala mtoto.

Huo huo uvumilivu wa shina la ubongo huleta udanganyifu wa hatari pale mtu anapoanguka. Wengi ambao mioyo yao imesimama huendelea kwa dakika kadhaa kutoa pumzi za kukwama, moja baada ya nyingine kwa vipindi virefu, mdomo ukifunguka kama wa mtu anayekoroma, na waliomzunguka husema anapumua, kwa hiyo yu hai. Wengine hutikisika mikono na miguu katika sekunde za kwanza kwa sababu ubongo umekosa damu, na watu huamua kuwa ni kifafa, wakarudi nyuma wakisubiri kiishe. Mtu mzima aliyeanguka ghafla, asiyeitika akiitwa na kutikiswa bega, na ambaye hapumui au anapumua kwa kukwama, anapaswa kuhesabiwa kuwa moyo wake umesimama mpaka ithibitike vinginevyo. Kutafuta mapigo kwa mtu asiyefunzwa ni kupoteza muda, kwani hata wahudumu wa afya hukosea wakiwa na haraka.

Kinachofanyika mtaani mara nyingi hufanyika kwa upendo, na bado humwangamiza mgonjwa. Mmoja anasema mpeni hewa, mwingine anamwagia maji, wa tatu anampepea kwa kanga, kisha wawili wanamwinua na kumkalisha ili apumue vizuri, na hatimaye anapakiwa kwenye bajaji akiwa amekaa, kichwa kimeegemea bega la jirani, kuelekea hospitali. Kila hatua kati ya hizo huunyima ubongo damu, na ile ya kumkalisha ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu hata kiasi kidogo cha damu ambacho kingeweza kusukumwa kwa mikono kingelazimika kupanda mlima kufika kichwani. Safari yenyewe ya kutoka Kwa Mrombo hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, iliyo jirani na jengo la AICC, hulikata jiji kutoka kusini na kupitia katikati ya msongamano, na hata dereva hodari hawezi kuimaliza kabla ya dakika ya sita.

Kuna pia hofu ambayo haisemwi sana. Raia wamezoea kwamba aliyejeruhiwa kwa ajali au kwa kupigwa huhitaji fomu ya polisi, ile PF3, na kutokana na mazoea hayo wengi huogopa kumgusa mtu yeyote aliyelala chini, wasije wakaulizwa walimfanya nini. Aliyeanguka kwa moyo kusimama hana kesi ya kujibiwa na mtu, na hakuna anayeweza kumdhuru zaidi ya hali aliyomo.

Linalotakiwa limejulikana tangu Julai 1960, wakati William Kouwenhoven, James Jude na Guy Knickerbocker wa Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, walipochapisha maelezo kwamba kifua kilichofungwa kinaweza kukandamizwa kwa mikono mitupu na damu ikazunguka. Mgonjwa hulazwa chali juu ya ardhi ngumu, si kwenye godoro wala kiti cha gari. Msaidizi hupiga magoti kando ya kifua, huweka kisigino cha kiganja kimoja katikati ya kifua, juu ya nusu ya chini ya mfupa wa kidari, na kiganja cha pili juu ya cha kwanza, hunyoosha viwiko na kukandamiza kwa uzito wa mwili wake mpaka kifua kibonyee sentimeta 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, akikiacha kifua kirudi juu kikamilifu baada ya kila mkandamizo. Kurudi huko juu ni sehemu ya tiba, kwa kuwa ndipo moyo unapojaa tena na ndipo mishipa ya moyo wenyewe inapopata damu. Mbavu huweza kualika chini ya mikono, na sauti hiyo imewafanya wengi waache. Wasingeacha kama wangejua kwamba ubavu uliovunjika huunga na ubongo uliokufa hauungi. Kazi hii huchosha ndani ya dakika mbili, kwa hiyo wasaidizi hubadilishana, na zamu ibadilike bila kusita, maana kila kituo huangusha msukumo wa damu ambao ulihitaji mikandamizo mingi kujengwa. Asiyejua kupuliza pumzi, kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla, akandamize tu bila kukoma. Kwa mtoto, au kwa aliyezama majini, pumzi zina umuhimu mkubwa, na utaratibu wa kawaida kwa msaidizi aliye peke yake ni mikandamizo 30 kwa pumzi mbili.

Mikono hiyo, ikifanya kazi vizuri sana, hupeleka takriban robo hadi theluthi ya damu ambayo moyo mzima ungepeleka. Ni kidogo, lakini hubadili hesabu kabisa: bila msaada wowote, uwezekano wa kupona mtetemo wa ventrikali hupungua kwa asilimia 7 hadi 10 kila dakika inayopita kabla ya mshtuo, na kifua kinapokandamizwa, upungufu huo hushuka hadi takriban asilimia 3 au 4.

Mshtuo wenyewe siku hizi hutolewa na kisanduku kinachobebeka, ambacho husoma umeme wa moyo kupitia vibandiko viwili kifuani, humwelekeza mtumiaji kwa sauti, na hukataa kushtua moyo usiohitaji. Ndicho kilichomrudisha mwanasoka Christian Eriksen wa Denmark, aliyeanguka jijini Copenhagen tarehe 12 Juni 2021 mbele ya dunia nzima, akashtuliwa mara moja na kuzinduka kabla ya kutoka uwanjani. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alikuwa na umri wa miaka 23 alipoanguka jijini London tarehe 17 Machi 2012 akiichezea Bolton, na moyo wake haukurudia mapigo yake kwa dakika 78. Alishtuliwa mara 15, kifua chake kikaendelea kukandamizwa njia nzima hadi hospitali, naye leo anazungumza na kufikiri kama kawaida. Habari ya Muamba ndiyo yenye somo kubwa zaidi kati ya hizi mbili, kwa sababu moyo wake uligoma kwa zaidi ya saa nzima na ubongo ukabaki salama kwa kazi ya mikono ya watu. Si kila mtu hurudi, hata akiwa kitandani hospitalini: Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi, kwa mujibu wa tangazo la serikali yake, alilazwa Karusi baada ya kujisikia vibaya, akaonekana kupata nafuu, kisha moyo wake ukasimama asubuhi ya tarehe 8 Juni 2020, akiwa na umri wa miaka 55, na juhudi za saa kadhaa hazikumrejesha.

Katika kata ya Olmoti, jijini Arusha, unajengwa uwanja wa viti 30,000 kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na hapana shaka kwamba visanduku hivyo vitakuwapo siku za mechi. Jambo la kudai ni kwamba vingine viwekwe sokoni, stendi na kwenye nyumba za ibada, ambako watu hujaa kila wiki bila kombe lolote. Hata hivyo, kisanduku bila mikono ni pambo. Denmark iliyafanya mafunzo ya kukandamiza kifua kuwa ya lazima mashuleni mwaka 2005, ikaongeza mengine kwa wanaoomba leseni ya udereva, na kati ya 2001 na 2010 sehemu ya walioangukia nje ya hospitali wakasaidiwa na waliokuwa karibu ilipanda kutoka takriban asilimia 21 hadi 45, huku waliokuwa hai baada ya siku 30 wakiongezeka kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Atakayesema hayo ni mambo ya nchi tajiri akumbuke kwamba Tanzania yenyewe imekwisha kufanya jambo la aina hiyo kwa watoto wachanga: wakunga katika hospitali nane walipofunzwa kwa mwanasesere namna ya kumwamsha mtoto aliyezaliwa bila kupumua, vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kwa karibu nusu, kama ilivyochapishwa mwaka 2013. Nao mfumo wa m-mama, ulioanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022, umeonyesha kwamba namba moja ya bure, 115, inaweza kumfikia mjamzito kwa gari la wagonjwa au kwa dereva wa mtaani aliyesajiliwa. Madereva wa bodaboda wa Kwa Mrombo, ambao karibu kila mara ndio wa kwanza kufika anapoanguka mtu, wana nguvu za mikono, wana simu, na wako kijiweni tangu alfajiri. Kuwafunza huhitaji saa chache na mwanasesere mmoja.

Mapigo yakirudi, ugonjwa mwingine huanza. Msuli wa moyo hubaki umezubaa, ukisukuma kwa udhaifu, hata kama mishipa yake haikuziba, na udhaifu huo mara nyingi huanza kupungua ndani ya siku mbili au tatu iwapo shinikizo la damu litashikiliwa kwa dawa. Ubongo, kwa upande wake, huumizwa kwa mara ya pili na damu ileile iliyokuwa ikingojewa, kwa kuwa oksijeni inayoingia ghafla kwenye seli zilizochoka huzalisha kemikali kali zinazochoma kuta zake, na uvimbe hujitokeza ndani ya fuvu lisilotanuka. Kwa miaka mingi wagonjwa wasiozinduka walipozwa mwili hadi nyuzi 33 za Selsiasi ili kupunguza madhara hayo, lakini jaribio kubwa la kimataifa lililochapishwa mwaka 2021 halikuona faida ya kupoza kiasi hicho ikilinganishwa na kuzuia homa tu. Kwa hospitali zetu hiyo ni habari njema, kwani kuzuia homa kwa saa 72, kuangalia sukari, kudhibiti degedege na kutoa oksijeni kwa kipimo bila kuizidisha ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wake.

Ndugu hutaka kujua mapema kama mgonjwa ataamka, na madaktari waangalifu hukataa kutoa hukumu kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za usingizi na uvimbe huweza kumfanya mtu anayepona aonekane kama aliyekwisha. Anayezinduka huweza kurudi nyumbani akitembea na kuzungumza vizuri, kisha familia ikagundua kwamba anauliza swali lilelile mara tatu kwa asubuhi moja, anachoka kabla ya adhuhuri, anakasirika upesi au analia bila sababu inayoonekana. Hayo ni majeraha ya ubongo, hupungua taratibu kwa miezi, na mgonjwa asihesabiwe kuwa ni mkaidi wala kuwa amerogwa. Moyo wake nao huhitaji kuchunguzwa kwa kipimo cha umeme na cha mawimbi ya sauti. Baadhi ya wagonjwa hufaidika na kifaa kidogo cha kushtua kinachopandikizwa chini ya ngozi ya kifua, na kwa matibabu ya kiwango hicho Tanzania inategemea hasa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015. Pale kijana anapofariki ghafla na sababu ikawa ni unene wa kurithi wa msuli wa moyo, vipimo hivyo viwili vinawahusu pia walio hai, kwa maana kila mtoto wa mwenye kasoro hiyo, na kila ndugu wa tumbo moja iwapo imetoka kwa mzazi, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuwa nayo.